Je, Mkristo akasomee jamii za mijini chuoni?

SWALI: Bwana asifiwe, mchungaji. Mimi ni binti wa miaka 19, mzaliwa wa Maweni hapa Malindi. Nimeitwa chuo kikuu kusomea sosholojia, yaani elimu ya jamii, hasa maisha ya jamii za mijini. Mzee wa kanisa letu ameniambia niikatae nafasi hiyo, kwa kuwa mji wa kwanza ulijengwa na Kaini, elimu hiyo haimjui Mungu, na nitatumwa kuingia mangweni, kwenye vilabu vya mnazi, na kwa mateja kuuliza maswali. Mama anauza samaki, na nauli yangu ameikopa. Shangazi yangu alimfuata yule mhubiri wa kufunga hadi kufa, akaingia msitu wa Shakahola na wanawe wawili, hatukuwaona tena. Naogopa kumuasi mzee, na kukaa tu naogopa pia. Nifanye nini?

JIBU: Binti yangu, pole sana kwa shangazi na wale watoto. Barua yako nimeisoma usiku mara tatu, na kila nilipofika kwenye jina la msitu ule niliiweka chini.

Nenda ukasome. Hakuna andiko linalokukataza. Ningeweza kuishia hapo, ila hayo uliyoambiwa wanaambiwa vijana wengi wa pwani yetu, na siwezi kuyanyamazia.

Ni kweli Mwanzo 4:17 inasema Kaini alijenga mji. Lakini endelea kusoma: katika uzao wake huohuo akatoka Yubali, baba wa wapigao kinubi na filimbi, na Tubal-kaini, mfua shaba na chuma. Kama asili ya Kaini inaharamisha kitu, kinanda hakina nafasi kanisani, wala jembe shambani. Mungu hakufundisha hivyo. Alimtuma Yona katika mji wa Ninawi, na Yona alipokasirika kwa kuwa mji umesamehewa, Bwana alimtajia hesabu: watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi. Nabii aliuona uovu wa mji tu, Mungu aliijua idadi ya watu wake.

Najua pia utasomewa Wakolosai 2:8, onyo juu ya elimu ya bure na madanganyo matupu. Usome mlango mzima. Paulo anawaonya watu wasitekwe na mafundisho yanayochukua nafasi ya Kristo, na anapofika mstari wa 21 anawakemea hasa watunga makatazo: “Msishike, msionje, msiguse.” Kisha anasema kuutesa mwili kwa ukali huonekana kama hekima wala hakufai kitu. Laiti sura hiyo ingesomwa yote hapa Malindi! Shangazi yako aliambiwa shule ni ya shetani kabla hajaambiwa chakula ni kizuizi cha mbinguni. Simfananishi mzee wako na mhubiri yule wa Shakahola, kwa maana naamini anakupenda. Lakini mlango wa kwanza waliopitishwa wale ndugu ulikuwa huu huu wa kukataa elimu, na mtu akishauvuka hana tena wa kumuuliza swali.

Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule. Sisi tuliokuwa tukihubiri mjini tulikuwa wapi? Tulihesabu sadaka, hatukuhesabu waliokosekana. Familia ilipoacha kuja ibadani tulisema imehamia kanisa jingine, na hatukwenda kupiga hodi. Mtu aliyefundishwa kuuliza nyumba kwa nyumba nani amehama, kwa nini, na ameuza nini kabla ya kuondoka, angetuamsha mapema. Kwa hiyo ninapokuambia nenda, nakuambia kama mwenye deni kwa familia yako.

Kazi hiyo si ngeni kwa watu wa Mungu. Nehemia alizunguka kuta za Yerusalemu usiku kabla hajasema neno. Paulo alipita Athene akitazama madhabahu zao, ndipo akasimama kuhubiri. Na Danieli, uangalie vizuri alichokataa: alikataa chakula cha mfalme, elimu ya Wakaldayo akaisoma na akawapita wenzake.

Nje ya Maandiko yuko Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi, ambaye mwaka 1896 alianza kupita nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja wa Philadelphia. Wakubwa walidhani tabia ya watu weusi ndiyo iliyouharibu mtaa. Yeye alionyesha jinsi walivyofungiwa kazi nzuri na nyumba nzuri. Nasi tunasema mengi juu ya vijana wa mtaa wetu wa Kisumu Ndogo hapa Malindi, na wachache wetu wamewahi kuketi nao.

Mangweni usiende peke yako wala usiku. Nenda mchana na mwenzako. Teja akikueleza maisha yake, siri hiyo ni yake, isiwe ushuhuda wa Jumapili. Usimwambie mtu umekuja kwa utafiti kumbe umekuja kumhubiria, maana huo ni uongo, na Kristo hatangazwi kwa uongo. Akikuuliza imani yako, mjibu bila kuficha. Kwa majirani zetu Waislamu ingia kwa hodi na heshima, na andika walichosema wao, si ulichotaka waseme.

Darasani utakutana na Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, mtoto wa rabi, aliyefundisha kwamba jamii ikiabudu huwa inajiabudu yenyewe. Usishtuke wala usimtukane. Aliona kweli kwamba ibada hufunga watu pamoja. Alikosea kudhani hakuna aliye juu yao. Kwenye mtihani andika alichosema kwa usahihi, kwa sababu kumsingizia mtu ni dhambi hata kama hamwamini Mungu. Swali litakalokukosesha usingizi niandikie, au mwulize mchungaji wa huko. Tafuta kanisa wiki ya kwanza, usingoje mpaka uchoke. Omba mkopo wa serikali mapema ili mama asikope tena.

Mzee usimkimbie. Nendeni kwake wewe na mama jioni, mkae chini, umwambie kwa adabu kwamba umesikia, umeomba, na umeamua kwenda. Mwombe akuombee. Akikataa, usijibizane naye. Njoo kwangu Jumapili ya mwisho kabla ya safari pamoja na mama, na mje na majina ya shangazi na watoto wake, maana hatujawahi kuyasoma kanisani.