Gari la wazi la mpwa wangu: jibu kwa dada

Dada, shikamoo. Ile picha ya mpwa wangu ndani ya gari jekundu lililofunuliwa paa imeshazunguka simu za ukoo mzima, na maswali yamenifikia: ni kweli kijana katajirika? Na je, anunue gari la michezo la namna hiyo, Mazda MX-5, jipya kabisa, maadamu muuzaji anamwambia ni la bei nafuu?

Hajatajirika. Huku ughaibuni mwenye kibali cha kazi na mshahara unaopitia benki huondoka na gari jipya kwa saini na malipo kidogo ya awali, na mara nyingi linabaki mali ya mkopeshaji mpaka rejesho la mwisho. Wanaowaambieni vingine wanawapotosha, na inaniudhi, kwa sababu maneno hayo ndiyo yanayomfanya kijana aone haya kupanda basi.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo panapouma. Chukua gari la 30,000, sarafu iwe yoyote, lote limekopwa, riba asilimia 7 kwa mwaka, miezi 60. Kwa mkopo wa kawaida rejesho ni kama 594 kwa mwezi, na mpaka amalize atakuwa kalipa karibu 35,640. Akisita, muuzaji anatoa karatasi ya pili: rejesho 426 tu. Huo ni mkopo wenye mkupuo wa mwisho. 12,000 zimeachwa zimngoje mwezi wa 60, na riba yake inahesabiwa kila mwezi zikiwa zimelala hapo. Jumla inafika kama 37,590. Mwaka wa kwanza ukiisha, katoa zaidi ya 5,100, lakini deni limeshuka kwa kama 3,100 pekee, na gari nalo limeporomoka thamani, kwani mwaka wa kwanza ndio mbaya kuliko yote. Likigongwa lisitengenezeke, bima hulipa thamani ya siku ile. Pengo linalobaki kufikia deni ni la kijana. Ipo bima ya kuziba pengo hilo, ila aulize bei yake kwingine kabla ya kuikubali mezani kwa muuzaji.

Bima kubwa mkopeshaji ataidai, na kijana mgeni, kwenye gari la michezo, huambiwa kiwango cha juu. Aulize kwanza, akiwa na modeli kamili mkononi, kabla hata ya kulijaribu barabarani. Na kama anapeleka vyakula jioni kwa wateja, bima ya matumizi binafsi haifuniki kazi hiyo.

Gari lenyewe silisemi vibaya. Mazda MX-5 imekuwapo tangu 1989, na umbo la sasa tangu 2015. Ina uzito wa takriban tani moja, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na gia zake za mkono zinaingia vizuri mno. Ni gari la kweli, na anayefanya kazi za zamu hadi alfajiri ana haki ya kufurahia kitu. Lakini viti ni viwili na buti ni kama lita 130. Siku ukija kumtembelea, dada, sanduku lako kubwa halitaingia.

Halafu paa la turubai. Maji ya mvua hukusanywa nyuma ya viti na kushuka kwa mirija hadi chini ya gari. Majani na vumbi vikiiziba, maji hufurika ndani: zulia linalowa, na chuma cha kizingiti chini ya mlango huanza kuoza kutoka ndani, ambako huoni kitu mpaka rangi ivimbe. Mara mbili kwa mwaka amwage kikombe cha maji taratibu kwenye tundu la kila upande, kisha achungulie chini kama yanatoka. Yakikwama, apitishe waya laini wenye ncha butu. Asipulize kwa kompresa, maana mrija huchomoka mahali pake. Asikunje paa likiwa bichi, litaota ukungu, wala likiwa limeganda kwa baridi. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji nayo aioshe chini ya bodi, na seti ya pili ya matairi, ya baridi, aiweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa hiyo asinunue. Sio jipya, sio kwa karatasi ya 426. Ikiwa moyo umekataa kabisa kutulia, atafute lenye miaka mitatu, na alitafute katikati ya majira ya baridi, wakati watu wachache wanataka gari la wazi na bei hulegea. Abonyeze zulia nyuma ya viti kwa kiganja, apapase kingo za chini za milango, adai daftari la servisi. Ila kama hana wa kumsaidia kukagua, basi heri jipya lenye dhamana ya kiwanda kuliko kuukuu lenye kutu iliyofichwa, mradi malipo ya awali yawe makubwa na mkupuo wa mwisho usiwepo.

Na ninyi nyumbani: rejesho hukatwa benki kwa tarehe yake, kabla hajagusa mshahara. Pesa mnazotumiwa ndizo zitakazosubiri. Akisaini, akuambie wazi atatuma kiasi gani kwa miezi hiyo 60, nanyi mpange ada na dawa kwa kiasi hicho, msimuongezee orodha kila wiki kwa sababu ya picha.

Mwambie anitumie ukurasa wa mkataba wenye riba na jumla ya malipo kabla hajaweka saini. Hata kama ni usiku wa manane, nitausoma.