Rezonansi kwa wanaoanza kidato cha tano: anzeni na chokaa

Wadogo zetu mnaoanza Kemia huku Mtwara na Lindi, msikimbilie benzini (ile pete ya kaboni sita). Rezonansi ni pale ambapo mchoro mmoja wa bondi hautoshi kueleza molekuli au ioni, ikabidi kuchora kadhaa. Anzeni na kabonati, ioni iliyomo kwenye mawe ya matumbawe yanayochomwa kupata chokaa.

Hesabu kwanza. Kaboni ina elektroni 4 za nje, oksijeni tatu zina 18, chaji ya hasi mbili inaongeza 2. Jumla 24, yaani jozi 12. Wengi husahau hizo 2 za mwisho, wakabaki na 22 na kuanza kubandika bondi ovyo. Jozi 4 ziende kwenye bondi (moja maradufu, mbili za kawaida), 8 zibaki kwenye oksijeni. Ile maradufu yaweza kukaa kwa oksijeni yoyote, ndiyo maana michoro ni mitatu.

Hapo ndipo watu huteleza, wakidhani ioni inarukaruka kutoka mchoro huu kwenda ule. Hairuki. Chai ya maziwa haiwi chai sasa hivi na maziwa baadaye. Ukipima, bondi zote tatu zina urefu mmoja, kama nanomita 0.129, ya kawaida ingekuwa 0.143 na maradufu 0.12 hivi. Kila oksijeni imebeba theluthi mbili ya chaji hasi moja. Kati ya michoro wekeni mshale mmoja wenye ncha mbili. Mishale miwili inayopishana ni ya mmenyuko wa kwenda na kurudi, na itawakosesha maksi.

Mshale uliopinda, unaoonyesha elektroni zinakohamia, huanzia kwenye elektroni, yaani jozi huru (isiyo kwenye bondi) au bondi pai (ile ya pili katika bondi maradufu), kamwe si kwenye alama ya kujumlisha. Atomu hazihami: ukisogeza haidrojeni, umechora kitu kingine kabisa. Kaboni ikiwa na bondi tano, futa.

Sasa korosho. Yale mafuta ya maganda yanayobabua vidole (msiyashike bila glavu) yamejaa jamii ya fenoli, yaani pete ya benzini iliyoshika kundi la OH. Fenoli ina pKa 10, ethanoli 16 (pKa ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi, na kila namba moja ni mara kumi): tofauti ya mara milioni. Fenoli ikiachia haidrojeni yake ya OH kama H⁺, chaji hasi ya oksijeni husambaa hadi kwenye pete, kaboni ya 2, 4 na 6, ukihesabu kaboni iliyoshika oksijeni kuwa ya 1. Ya ethanoli haina pa kwenda. Choreni mishale hiyo wenyewe. Chaji ikitua kwenye kaboni ya 3 au 5, rudini nyuma. Kuna mshale mmoja mmeuruka.