Kabla hujachoma sindano, kinga maziwa kwenye chupa

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia. Ng'ombe wake kavimba kiwele, robo ya nyuma kulia ngumu kama jiwe, maziwa yanatoka na mabonge. Kwa siku nane ameshachoma dawa za aina tatu. Swali lake: "Mkuu, ipi ndiyo kali kuliko zote?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi.

Ng'ombe wangu Madoa ndiye aliyekuwa akinijazia ndoo. Alipougua kiwele mara ya kwanza nilimchoma penisilini. Siku ya pili maziwa yakasafika, nikaacha dawa katikati, nikijiona daktari. Wiki tatu baadaye mabonge yakarudi. Nikahamia tetrasaiklini. Yakatulia, yakarudi. Nikampata mtu aliyejiita mtaalamu, akanipa mchanganyiko ambao mpaka leo sijui ulikuwa na nini ndani. Nilipompigia kumwambia hali imezidi, alinijibu kwamba ng'ombe wangu "ana damu mbaya". Damu mbaya! Miaka imepita na neno hilo bado linanichoma. Robo ile ilisinyaa ikawa mfuko mtupu, haikutoa tone tena.

Kuhangaika kwa katikati nakuruka, kila mfugaji anakujua. Daktari mwingine wa mifugo ndiye aliyeniambia nipeleke maziwa maabara, wamwoteshe bakteria na kumjaribisha kwa dawa mbalimbali.

Sampuli yangu ya kwanza ilikataliwa. Waliota bakteria wa aina tatu, na wakiota wengi hivyo kwa kawaida maana yake ni uchafu wa mkamuaji, si ugonjwa. Nilikasirika kweli. Lakini nilikuwa nimekamua kwa mikono ya bandani, ndani ya chupa iliyosuuzwa kwa sabuni tu. Walitaka chupa iliyotakaswa, na walikuwa wanazo, ningeomba tu.

Mara ya pili nilifanya kama walivyonielekeza. Chuchu zikaoshwa na kukaushwa, michirizo ya kwanza nikaimwaga. Nikachukua pamba yenye spiriti ya asilimia 70, nikasugua ncha ya chuchu mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kusafisha unaanza na chuchu za mbali na wewe, za karibu mwisho. Kukinga unaanza na za karibu, ili mkono usipite juu ya chuchu uliyokwisha kuisafisha. Chupa unailaza kidogo, nywele na vumbi visidondokee ndani. Michirizo miwili mitatu inatosha, funika, weka kwenye barafu, peleka siku hiyohiyo.

Na haya yote KABLA ya sindano. Ukishachoma, dawa iliyomo kwenye maziwa inaweza kumzuia bakteria asiote, nawe ukaletewa jibu kwamba hakuna kitu huku kiwele kinawaka moto.

Majibu niliyafuata mwenyewe, na fundi wa maabara akanionyesha kisahani. Bakteria wa Madoa walikuwa wametandazwa juu ya agari, yaani ute mgumu kama jeli wa kuoteshea bakteria, vikawekwa vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake, kisahani kikakaa kwenye joto la nyuzi 35 usiku kucha, saa 16 hadi 18. Kisahani kizima kilikuwa na utando mweupe, ila kuzunguka baadhi ya vidonge kulikuwa na duara safi. Kidonge cha penisilini hakikuwa na duara. Bakteria walikuwa wamekiparamia mpaka ukingoni! Alikuwa Staphylococcus aureus, na huyu wangu alikuwa anatengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini. Dawa niliyomchoma kwa imani yote ile.

Nikanyoosha kidole kwenye duara kubwa kuliko zote: "Basi nipe hiyo." Fundi akacheka, akatoa rula. Kila dawa ina kipimo chake cha milimita; duara la moja linaweza kuwa kubwa na bado bakteria akahesabiwa sugu, la nyingine likawa dogo na dawa ikafaa. Kwa hiyo, ndugu uliyeniandikia, hakuna "kali kuliko zote". Kuna inayomfaa bakteria wako, na jedwali analisoma mwenye ujuzi.

Sitakudanganya kwamba kipimo kilimponya Madoa. Dawa iliyomuua bakteria kisahanini haikumfikia yule aliyejichimbia kwenye vijipu ndani ya kiwele. Nilikuwa nimechelewa. Nikawa namkamua wa mwisho asiwaambukize wenzake, hatimaye akatoka bandani. Ila mtamba wake, nilipoona mabonge ya kwanza tu, nilikinga maziwa kwanza, daktari akachagua dawa kwa majibu, nikamaliza dozi yote. Robo nne zinakamuliwa mpaka leo. Najivuna, ndiyo, nimelipia somo hilo.

Ng'ombe mwingine majibu yalionyesha bakteria aitwaye E. koli, na kabla hayajafika mwili wake ulikuwa umeshaanza kumfukuza. Mimi wa zamani ningemchoma, kisha ningejisifu.

Tunapenda sindano mno, wafugaji wenzangu. Tunachoma kwa kubahatisha, tunakatisha dozi, tunauza maziwa kabla siku za kusubiri dawa imtoke ng'ombe hazijaisha, halafu tunalalamika kwamba dawa za siku hizi hazifanyi kazi. Nani kazifanya hivyo? Chukua sampuli kwanza. Nimesema, narudia: sampuli kwanza. Ng'ombe akiwa na homa kali, hataki kula, hasimami, usikae kungoja majibu. Kinga maziwa, mwite daktari aanze tiba papo hapo, majibu yatamsaidia kurekebisha.

Wewe wa dawa tatu, usiongeze ya nne. Mpigie daktari leo, mtajie zote ulizochoma na tarehe zake, akuambie sampuli ichukuliwe lini. Majibu yakitoka nitumie picha ya kisahani, na picha ya robo ile ya nyuma pia.