Baiskeli ya Mlimani Kwenye Kisiwa Kisicho na Mlima: Majibu kwa Wasomaji

Nilipoandika kuhusu matembezi yangu ya baiskeli huko Schouwen-Duiveland, kisiwa cha jimbo la Zeeland, kusini-magharibi mwa Uholanzi, sikutegemea kupata maswali mengi hivi. Nimechukua yale yanayojirudia, na majina ya waulizaji nimeyaacha.

"Kaka, Uholanzi yote ni tambarare. Hiyo baiskeli ya mlimani unaiendesha wapi?" (Arusha)

Wewe unayeamka ukiutazama Meru una haki ya kuuliza. Sehemu kubwa ya kisiwa ni mashamba ya viazi, vitunguu na ngano, kwenye ardhi ambayo watu waliitwaa kutoka baharini, na mahali pengi bahari iko juu kuliko shamba. Lakini nenda kichwa cha magharibi, wanakokuita Kop van Schouwen. Huko upepo umerundika mchanga kwa karne nyingi hadi ukawa vilima, na nyuma ya vilima karne iliyopita ikapandwa misonobari ili mchanga usihame. Msitu huo unaitwa Boswachterij Westerschouwen, uko jirani na Burgh-Haamstede, na ndani yake kuna njia maalumu ya baiskeli za mlimani yenye vibao.

Usitarajie kupanda kwa nusu saa. Unapanda sekunde kumi, unashuka, unakata kona, gurudumu linagonga mzizi, linazama kwenye mchanga laini, halafu unapanda tena kabla hujavuta pumzi. Mlima mrefu unakupa nafasi ya kupata mwendo wako na kutulia nao. Vilima hivi havikupi. Saa moja tu, mapaja yanawaka moto.

Kama bado una shaka na nchi hii, kumbuka kwamba mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Atlanta mwaka 1996, dhahabu ya wanaume aliichukua Mholanzi, Bart Brentjens, mzaliwa wa Haelen.

"Unalalamikia upepo kila mara. Sisi wa pwani tuna kusi na kaskazi, na tunaendesha tu." (Lamu)

Silalamiki, ndugu yangu. Upepo ndio mlima wenyewe wa huko, na ningependa uelewe ukubwa wake. Chukua mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na upepo wa mbisho wa kilomita 40 kwa saa. Kwa kifua chako hewa inapita kwa kilomita 60. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara tatu, nguvu inayokusukuma nyuma inakuwa mara tisa. Nimepiga hesabu kwa mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 85, ameketi wima. Inatoka kama kupanda mteremko wa asilimia 8 au zaidi, bila kona na bila kilele. Unaupanda hadi utakapogeuza usukani.

Waholanzi wameutengenezea upepo huo mashindano ya kitaifa, NK Tegenwindfietsen, yaliyoanza mwaka 2013. Hayana tarehe ya kudumu. Waandaaji hukaa wakisubiri dhoruba, na utabiri ukisema upepo utafika nguvu ya 7 au zaidi kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort, washiriki wanaitwa siku chache kabla. Kila mmoja anapewa baiskeli ya aina moja, ya kawaida kabisa, isiyo na gia, ya kukaa wima, na breki yake ni ya kurudisha pedeli nyuma. Wanaenda kilomita 8.5 juu ya Oosterscheldekering, ukuta wenye milango ya chuma 62 unaokiunganisha kisiwa chetu na Noord-Beveland. Nimepita kwenye ukuta huo siku ya upepo wa kawaida tu, na mara mbili baiskeli ilisogezwa upande kama mtu aliyeishika tandiko akaivuta.

Ushauri wangu: anza safari ukiwa na upepo wa mbele na urudi nao mgongoni. Wageni wengi hufanya kinyume. Wanaruka kilomita 30 kwa furaha, kisha jioni wanalia njia nzima.

"Tairi nijaze upepo kiasi gani?" (Dar es Salaam)

Mdogo wangu, hapa ndipo wengi wanapokosea. Fundi wa mtaani anakujazia mpaka tairi linalia kama ngoma, na kwenye lami ni sawa. Mchangani tairi gumu linakata kama kisu na kuzama. Kwa tairi pana lisilo na tyubu mimi huingia ufukweni na PSI 15 hivi. Lenye tyubu lisishuke sana, kwa sababu ukigonga jiwe ringi itaibana tyubu na utatobolewa matundu mawili yanayotazamana. Kwa kipimo cha mkono, bonyeza kwa dole gumba. Ukiwa umekaa juu, tairi litanuke kidogo pembeni, lakini lisikunjike.

Na ufukweni usifike kabla ya kuangalia maji. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, unabaki uwanja mpana wa mchanga mgumu, kama vile watu wa Paje na Jambiani wanavyopita na baiskeli zao kwenda shughuli zao. Yakijaa, unasukumwa hadi kwenye mchanga mkavu, na hapo utaibeba baiskeli begani.

"Nina GPS na naona njia nyingi za miguu katikati ya vilima vya mchanga. Kuna ubaya gani nikizipita?" (Rotterdam)

Kuna ubaya, na naomba unisikilize kwa hili kuliko yote niliyoandika leo.

Chuchumaa ukitazame kilima kwa karibu. Kinachokishikilia ni nyasi, Waholanzi wanaiita helm. Jani lake limejikunja kama mrija, na ncha yake inachoma kama sindano. Mchanga ukiifunika haifi. Inachipua juu zaidi na kuacha mizizi chini, tabaka juu ya tabaka, na hivyo kilima kinakua. Isichoweza ni kukanyagwa. Tairi likipita mara kadhaa mahali pamoja nyasi inakatika, mchanga unabaki uchi, upepo unaingiza mdomo wake pale na kuchimba. Ufa wa upana wa tairi unaweza kuwa shimo la kumeza nyumba.

Sasa kumbuka kilichotokea usiku wa kuamkia Februari 1, 1953. Dhoruba ya kaskazini-magharibi ilikutana na bamvua, matuta ya kuzuia bahari yakapasuka, na watu 1,836 wakafa Uholanzi. Schouwen-Duiveland ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Karibu kisiwa chote kililala chini ya maji. Kilichobaki kikavu ni kile kichwa cha magharibi kilichoegemea vilima vya mchanga, vile vile unavyotaka kuvikatiza na baiskeli. Tundu kubwa la mwisho, huko Ouwerkerk, halikuzibwa hadi Novemba mwaka huo, kwa masanduku manne makubwa ya zege. Masanduku hayo yapo hadi leo na ndani yake kuna makumbusho, Watersnoodmuseum. Nenda siku moja kabla ya kwenda msituni. Mimi niliingia nikiwa na viatu vya baiskeli na haraka zangu, nikatoka baada ya saa tatu.

Kwa hiyo fuata vibao vya njia ya baiskeli za mlimani: pembetatu moja na duara mbili. Kwingine shuka au geuka. Ukitoka msituni jikague kupe, nyuma ya magoti na kinenani, maana wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Ukimkuta kupe mtoe mapema, na ukiona duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi, muone daktari.

"Reli inafika kisiwani?" (Antwerpen)

Haifiki. Shuka stesheni ya Goes, panda baiskeli kuelekea kaskazini, vuka Zeelandbrug, daraja la mita 5,022 lililofunguliwa mwaka 1965, na utaingia Zierikzee, mji wa kisiwani. Baiskeli inalipiwa tiketi yake kwenye treni, na kwa kawaida siku za kazi haipandi saa za msongamano wa asubuhi na jioni.

"Chumvi inaila baiskeli yangu. Nyinyi huko mnafanyaje?" (Mombasa)

Tunaumwa ugonjwa mmoja. Nikitoka ufukweni mnyororo unasaga kama kinu, na najua kila mzunguko wa pedeli unakula meno ya gia. Naosha siku hiyo hiyo, siyo kesho, kwa maji baridi na ndoo, au bomba lisilo na nguvu, kwa sababu maji ya kasi yanasukuma chumvi ndani ya beringi. Nakausha kwa kitambaa, naweka tone moja la mafuta kwenye kila kiungo cha mnyororo, kisha nafuta ya nje. Mafuta yanayobaki nje hukamata mchanga wa kesho. Na usisahau nguzo ya tandiko: ichomoe, ipake grisi, la sivyo itagandana na fremu.

"Nina miaka 46. Nilikulia Tanga na nyumbani baiskeli ilikuwa ya kaka zangu tu. Hapa watoto wangu wananiacha nyuma. Nimechelewa?" (Mama wa wawili, Middelburg)

Hujachelewa, dada yangu. Swali lako limenigusa, kwa sababu dada zangu mwenyewe walizuiwa hivyo hivyo. Miji mingi ya Uholanzi ina mafunzo ya baiskeli kwa wanawake wazima waliohamia, ulizia manispaa au kituo cha mtaa wako. Utakuta wenzako wa Somalia, Moroko na Syria, na hakuna atakayekucheka.

Ukitaka kuanza na wanao, msianzie mchangani wala msituni. Tafuteni barabara ndogo iliyo chini ya tuta, upande ambao tuta linakinga upepo. Mwambie fundi ashushe tandiko mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini ukiwa umekaa, na atoe pedeli. Siku ya kwanza sukuma tu kwa miguu, hatua ndefu, macho mbele na siyo kwenye gurudumu. Baiskeli ikianza kuteleza yenyewe mita tano, mita kumi, miguu ikiwa hewani, mizani umeshaipata. Pedeli zirudishwe siku ya pili. Na kama unavaa gauni refu, nunua kinga ya mnyororo na ile ya gurudumu la nyuma. Maduka mengi ya baiskeli huko yanaziuza.

Msitu wa Westerschouwen upo. Ukiwa tayari, niandikie.