Kabla hujatia saini na mtu wa ng'ambo

Vijana wanaoingia kwenye biashara ya kuvuka mpaka hapa Tanga huniuliza kwanza, "Shikamoo mama, wakili wa kusoma mkataba anachukua shilingi ngapi?" Ni swali halali, ila kuna la kutangulia: mwenzako akivunja mkataba, utamdai mbele ya nani, na mali yake utaikuta wapi? Nimeshughulika na makaratasi ya biashara hizi kwa muda mrefu, machungwa ya Muheza yanayopita Horohoro, iliki na mdalasini wa Amani, mashine zinazoagizwa China. Karibu kila kesi ngumu niliyoiona ilikwama hapo. Mtu ana haki yake kamili kwenye karatasi, lakini aliyemdhulumu yuko nchi nyingine, na akaunti yake iko huko huko.

Kwa hiyo chagua wakili kwa kuangalia mali ya mwenzako ilipo. Wakili wa hapa anaijua Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ukimpelekea mkataba na mnunuzi wa Mombasa unaosema utaongozwa na sheria za Kenya, atakuonyesha palipopinda, lakini hana leseni ya kusimama mahakama za kule, na akikuambia sheria ya Kenya inasemaje, ujue anakisia. Hapo unahitaji wakili wa Kenya. Jina lake hakikisha kwa LSK, chama chao cha wanasheria, kwamba ana cheti hai cha kufanya kazi mwaka huo.

Wengi wakisikia mawakili wawili wanakimbia. Usikimbie, panga tu kazi. Anza na wa nyumbani asome rasimu yote, kisha akuandikie maswali anayoona lazima yajibiwe na mtu wa kule, manne au matano. Wa kule ajibu hayo tu, kwa bei mliyokubaliana mapema kwa maandishi, si kwa kuhesabiwa saa. Ukimtupia kurasa 20 na kumwambia "niangalizie", utalipia hata kurasa za anwani.

Kenya ndiko watu wetu wanakolegea zaidi, kwa sababu tunasikilizana na wengine tuna wajomba Lunga Lunga. Kabla ya lolote mwombe mnunuzi CR12 ya kampuni yake, yaani hati ya msajili wa kampuni wa Kenya, ya karibuni. Inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Anayetaka kutia saini hayumo? Alete barua ya kampuni inayompa mamlaka. Na wao wakikutafuta BRELA, kwa wakala wetu wa usajili wa biashara, usinune.

Kwa China, jina halali la kampuni ni lile la Kichina lililo kwenye leseni yake ya biashara. La Kiingereza wamejipa wenyewe. Mkataba uwe na jina hilo la Kichina na muhuri mwekundu wa duara wa kampuni, kisha ulinganishe na jina la akaunti unayotumiwa. Akaunti ikiwa ya mtu binafsi, au ya kampuni nyingine kabisa, simamisha pesa hapo hapo, hata kama mlikuwa mnacheka naye kwenye simu asubuhi.

Dubai na Muscat mahakama za kawaida zinatumia Kiarabu. Mkataba ukiandikwa lugha mbili na zikapishana, tarajia Kiarabu kishinde, kwa hiyo nakala hiyo nayo isomwe. Una shangazi Muscat anayeijua lugha? Vizuri, akutafutie wakili. Kusoma mkataba asisome yeye.

Sasa kifungu cha migogoro, ambacho huwekwa mwishoni na kusainiwa watu wakiwa wameshachoka. Wengine hufurahi kukiona kinasema kesi zote zitasikilizwa Tanga. Utashinda Tanga, sawa, lakini hukumu hiyo haitakamata mashine iliyoko Guangzhou kwa kuonyeshwa tu. Usuluhishi, yaani mgogoro kuamuliwa na msuluhishi mliyekubaliana badala ya mahakama, una njia bora kidogo, kwa sababu ya Mkataba wa New York wa 1958, unaozitaka nchi wanachama zitambue tuzo, yaani maamuzi, za wasuluhishi zilizotolewa nchi nyingine. Tanzania imo, Kenya imo, China, India na Falme za Kiarabu zimo pia. Lakini msuluhishi na ukumbi vinalipiwa. Kwa mzigo wa shilingi milioni 15, kifungu kinachokupeleka kusuluhishwa Singapore ni sawa na kutokuwa na kifungu. Mzigo mdogo hulindwa na mpangilio wa malipo. Asilimia 30 mwanzo na 70 baadaye ni kawaida kwa wauzaji wa China; pigania ile 70 ilipwe baada ya mzigo kukaguliwa na wewe kuoneshwa nakala ya B/L, hati ya meli kwamba mzigo umepokelewa, si siku kiwanda kitakapokuambia "tayari". Mzigo mkubwa, zungumza na benki kuhusu barua ya mkopo (letter of credit), yaani ahadi ya benki kumlipa muuzaji akileta karatasi mlizokubaliana. Ila elewa kwamba benki inakagua karatasi tu: karatasi zikilingana inalipa, hata kontena likiwa na mawe.

Kuna herufi tatu zinazowapoteza wageni kuliko vifungu virefu vyote: CIF. Mtu akisikia muuzaji amelipa nauli na bima hadi bandarini, anadhani mzigo ukizama ni hasara ya muuzaji. Sivyo. Kwa CIF, kama ilivyo kwa FOB ambapo nauli ya meli unalipa wewe, hatari inahamia kwako mzigo ukishapakiwa melini kule ulikotoka. Bima anayolazimika kuinunua muuzaji chini ya Incoterms za 2020, kanuni za kimataifa zinazoeleza maana ya herufi hizi, ni ya kiwango cha chini, daraja C, ambayo wizi haimo. Kama unataka zaidi, iandikwe kwenye mkataba. Tena tazama jina la bandari. CIF Dar es Salaam maana yake lori la kutoka Dar hadi Tanga ni lako, na nimeshaona mtu akipiga hesabu yake yote kana kwamba kontena linashushwa hapa kwetu.

Kwa wenye matunda, kifungu cha ukaguzi ndicho roho ya mkataba. Niliwahi kuletewa mmoja wa machungwa uliosema mnunuzi anaweza kukataa mzigo "usiomridhisha", bila kutaja saa ngapi baada ya kupokea wala ukaguzi ufanyike wapi. Msimu ule bei ilishuka Mombasa, na siku ya tatu machungwa yakawa hayaridhishi. Nani atabishana na chungwa la siku tatu juani? Siku hizi nawaambia waandike kwamba mtu wa mnunuzi akague Muheza wakati wa kupakia, asaini fomu, na baada ya hapo kukataa kuwe kwa sababu zilizotajwa tu. Lori likikwama mpakani, nani anabeba uozo? Nalo liandikwe.

Utaniambia wewe huna mkataba, una profoma tu, ile ankara ya awali ya muuzaji, na ujumbe wa WhatsApp. Profoma ukishailipia, kuna mkataba tayari, kwa masharti yaliyochapwa nyuma yake. Ndiyo maana wakili asome kabla hujatuma ile asilimia 30. Na penye kifungu kinachosema makubaliano yote yamo ndani ya karatasi hii, ahadi za WhatsApp za vipuri vya bure na fundi wa kuja kufunga mashine utapata shida kuzidai. Zihamishie kwenye mkataba.

Ushuru wa stempu ulipe. Ni pesa kidogo, na mkataba usiolipiwa haupokelewi mahakamani kuwa ushahidi mpaka ulipiwe.

Wakili atakurudishia rasimu imejaa wino mwekundu. Usiitume ilivyo kwa mnunuzi, ataona umekuja kugombana. Muulize wakili ni mambo yapi matatu ambayo yasipobadilika asingekushauri usaini, uyapeleke hayo kwa lugha yako ya kawaida, kwanza kwa simu kisha kwa barua pepe ili yabaki kwa maandishi. Mengine mengi yanavumilika. Akikataa yote matatu bila hata kueleza sababu, tafuta mnunuzi mwingine. Iliki haiozi wiki hii.