Maswali yenu kuhusu gitaa la Texas

Safu iliyopita ilimgusa Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa wa bluzi wa Texas aliyefariki kwa ajali ya helikopta Agosti 27, 1990, akiwa na miaka 35. Maswali yamekuja mengi. Najibu machache.

Bluzi ni bluzi tu. Hiyo ya Texas ina nini hata iitwe kwa jina lake? (Msomaji, Dodoma)

Ina swingi, yaani mwendo wa kuyumbayumba kama wa jazi, na ina gitaa lisilopenda kukaa nyuma. Bendi za Chicago zilijengwa kwa harmonika, piano na magitaa yanayosukumana kwa pamoja. Texas walilisogeza gitaa mbele, likapiga noti mojamoja kama saksafoni: mwimbaji anasema, gitaa linajibu. Anayestahili heshima hapo ni T-Bone Walker, mzaliwa wa Linden, Texas, 1910. Utotoni alimwongoza Blind Lemon Jefferson, mwanabluzi kipofu, katika mitaa ya Dallas. Ukubwani akashika gitaa la umeme na kusimama mbele ya bendi zenye tarumbeta na saksafoni. Kibao chake cha 1947, Call It Stormy Monday, hadi leo ni darasa la kwanza la mpiga bluzi. Yale manjonjo ya kupiga gitaa likiwa nyuma ya kichwa, ambayo wengi humpa Jimi Hendrix, T-Bone aliyafanya zamani kabla Hendrix hajashika gitaa.

Mbona vijana wa London ndio waliotajirika na muziki huo? (Msomaji, Nairobi)

Utajiri ni kesi nyingine, tena chungu. Njia waliyopitia naweza kukuonyesha, nayo ina jina moja: Freddie King. Alizaliwa Gilmer, Texas, mwaka 1934, akahamia Chicago akiwa kijana, hivyo mikononi mwake shule zote mbili zilikutana. Alipiga kwa kipande cha plastiki kwenye dole gumba na cha chuma kwenye kidole cha shahada, ndiyo maana noti zake zinauma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alirekodi mfululizo wa vibao vya gitaa tupu, bila kuimba.

Sasa iangalie bendi ya John Mayall, mwanabluzi wa Kiingereza, huko London. Mwaka 1966 mpiga gitaa Eric Clapton akiwa humo alirekodi Hide Away ya King, kisha akaondoka kuunda bendi ya Cream. Nafasi yake akaichukua Peter Green, naye akarekodi The Stumble ya King, akaondoka kuanzisha bendi ya Fleetwood Mac. Akaingia Mick Taylor, akarekodi Driving Sideways, ya King vilevile, na mwaka 1969 akajiunga na Rolling Stones. Wapiga solo watatu waliopokezana kiti kimoja, na kila mmoja alipitia kwa Mtexas yuleyule. Ndiyo maana nasema bendi nyingi za roki zinazodai kumwiga Clapton zinamwiga Freddie King bila kujua. King mwenyewe alifariki Dallas mwaka 1976, akiwa na miaka 42 tu.

Shikamoo mzee. Nimesikia Stevie alitumia nyuzi nene za namba 13. Nikifunga hizo nitapata sauti yake? (Mwanafunzi, Arusha)

Marahaba, mwanangu. Utapata malengelenge. Kweli alifunga nyuzi nene, lakini alizilegeza zote nusu sauti, na hata hivyo vidole vilimchubuka hadi akavigandisha kwa gundi kali. Usimfuate huko. Billy Gibbons, mpiga gitaa wa bendi ya ZZ Top, Mtexas mwenzake, anafunga nyuzi nyembamba mno, namba 7, na gitaa lake linanguruma kuliko la wengi.

Siri iko mkono wa kulia. Sikiliza Pride and Joy, wimbo wa Stevie. Mwendo wake ni shafo: kila pigo limegawanywa mara tatu na sehemu ya katikati imemezwa. Stevie anagonga besi kwenye nyuzi za chini huku akichapa zile za juu katikati ya mapigo, zikiwa zimezibwa nusu, yote kwa wakati mmoja. Anza polepole, bila solo kabisa, hadi watu watikise vichwa. Wengi mnakimbilia mbio za vidole na kuruka hapa.

Bendi yetu ni ya watu watatu. Gitaa likiingia solo, muziki unabaki mtupu. Tufanyeje? (Mpiga besi, Mombasa)

Ndugu yangu, kwanza acha na wewe kupiga solo wakati huo. Mpiga besi Dusty Hill alikaa na ZZ Top, nao watu watatu kama ninyi, zaidi ya miaka 50, hadi kifo chake mwaka 2021, na kazi yake ilikuwa kubana chini, sambamba na ngoma, bila urembo. Gibbons alipata uwanja kwa sababu hiyo. Sikiliza La Grange ya 1973, uone alivyo na subira ya kuacha nafasi. Mpiga gitaa wenu naye arudi kwenye nyuzi za chini kila amalizapo sentensi. Ikishindikana, tafuteni mpiga kinanda: Stevie mwenyewe alimwongeza Reese Wynans mwaka 1985.

Je, muziki wa dansi wa kwetu umetokana na huko? (Msomaji, Tabora)

Hapana, tusilazimishe undugu. Magitaa yetu yalisikiliza zaidi Kuba na Kongo. Kiungo cha Texas na Afrika kipo, ila kipo Mali. Clarence "Gatemouth" Brown, aliyekulia Orange, Texas, alipiga kwenye Talking Timbuktu, albamu ya 1994 ya Ali Farka Touré, mpiga gitaa wa Mali, na Mmarekani Ry Cooder. Mwaka 2022 Khruangbin, bendi ya watu watatu wa Houston, Texas, wakatoa albamu Ali pamoja na Vieux, mtoto wa Ali Farka. Humo hakuna shafo hata kidogo, na sijaikosa.