Hawaii haikuuzwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kidato cha tatu kaniuliza jambo nikakosa jibu. Marekani nayo ilitawaliwa na Mwingereza, ikapigana mpaka ikajikomboa. Iweje baadaye nayo ikachukua nchi za watu, kama Hawaii? Au iliinunua, kama ilivyoinunua Alaska?
Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Alaska ilinunuliwa kweli, mwaka 1867, kutoka kwa Mrusi, kwa dola milioni 7.2, ingawa wenyeji wake hakuna aliyewauliza. Hawaii, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyokuwa na ufalme wake, hakuna aliyeiuza. Nimefundisha historia Tanga kwa miaka thelathini, na habari hii nilikuwa naimaliza ubaoni kwa mstari mmoja: “1898, Marekani yaichukua Hawaii.” Wanafunzi wananakili, tunaendelea na mada nyingine. Mstari ule unaniuma mpaka leo, kwa sababu ndani yake hamna Mhawaii hata mmoja.

Mwanao aanze na sukari. Wamarekani walifika hata Unguja. Mkataba wao na Seyyid Said ni wa mwaka 1833, na kitambaa cha merikani alichovaa bibi yangu kilichukua jina kwao. Lakini kwetu walishusha nguo, wakapakia pembe za ndovu na sandarusi, wakatweka tanga. Hawaii walipata ardhi. Sheria ya mwaka 1850 iliwaruhusu wageni kumiliki mashamba, na baada ya mkataba wa 1875 sukari ya visiwa hivyo ikaingia Marekani bila ushuru. Wenye mashamba ya miwa wakatajirika, na mwaka 1887 wao na wenzao wakamlazimisha Mfalme Kalākaua, kwa bunduki, atie saini katiba iliyompokonya madaraka na kuwanyima kura wenyeji wengi wasio na mali.

Kisha mwaka 1890 Marekani ikafuta ushuru wa sukari kutoka nchi zote, ikawapa ruzuku wakulima wake wa ndani. Sukari ya Hawaii ikakosa upendeleo wake. Mwenye shamba Honolulu akaona faida kubwa: Hawaii ikiwa sehemu ya Marekani, naye atahesabiwa mkulima wa ndani.

Malkia Liliʻuokalani, dada yake Kalākaua, alitawazwa mwaka 1891. Alipotaka kuleta katiba mpya, Januari 1893, kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba likapanga kumpindua. Balozi wa Marekani akawaunga mkono, na askari zaidi ya 160 wakashuka kutoka meli ya kivita Boston. Malkia hakutaka damu imwagike. Aliandika kwamba anasalimu amri kwa nguvu ya Marekani, siyo kwa wale waasi, mpaka serikali ya Marekani itakapochunguza na kumrudishia haki yake. Maneno hayo aliyachagua kwa makini sana.

Na uchunguzi ulifanyika. Rais Cleveland alituma mtu, akapata ripoti, akaliambia Bunge lake kwamba kosa limetendeka. Waasi waliombwa kumrudisha malkia, wakakataa. Mwaka 1895, baada ya wafuasi wake kujaribu kumrejesha na kushindwa, alifungiwa chumba kimoja cha ghorofani katika jumba lake mwenyewe la ʻIolani, miezi kadhaa.

Hapa ndipo namwomba mwanao atulie. Mwaka 1897 serikali ya Rais mpya, McKinley, ilitia saini mkataba wa kuimeza Hawaii. Seneti, moja ya mabunge mawili ya Marekani, ilitakiwa kuupitisha kwa theluthi mbili ya kura. Wahawaii wakaenda kisiwa kwa kisiwa na karatasi, wanaume kurasa zao, wanawake kurasa zao, kila mtu jina lake na umri wake. Walipata zaidi ya saini 21,000, wakati wenyeji wote, watoto wakihesabiwa, walikuwa takriban 40,000. Wajumbe wanne walivuka bahari na bara mpaka Washington, Desemba, wakaukabidhi mzigo ule. Theluthi mbili hazikupatikana. Mkataba ukafa.

Watu walishinda kwa kalamu, mama. Ushindi huo sikuwahi kuufundisha.

Miezi michache baadaye vita na Hispania vikaanza. Mei 1898 manowari za Marekani zilishinda Manila, Ufilipino, na Honolulu ikawa kituo cha kujaza makaa ya mawe njiani kuelekea huko. Safari hii hawakurudi kwenye mkataba. Walitumia azimio la pamoja la mabunge mawili, ambalo wingi wa kawaida wa kura unatosha. McKinley akalisaini tarehe 7 Julai. Mwaka huohuo wakachukua Puerto Rico, Guam na Ufilipino, na Wafilipino, waliokuwa wamekwisha jitangazia uhuru, wakapigana nao miaka.

Kwa hiyo mwanao akiulizwa sababu, ataje sukari, makaa, bandari na masoko ya Asia. Lakini asiwasahau Wamarekani waliopinga, maana Cleveland hakuwa peke yake; mwaka 1898 walianzisha hata umoja wao wa kupinga ubeberu.

Tarehe 12 Agosti bendera ya Hawaii ilishushwa ʻIolani. Malkia hakwenda. Zile karatasi zilibaki katika hifadhi ya nyaraka Washington, na zilipotolewa tena hadharani miaka ya 1990, wajukuu na vitukuu walizifungua ukurasa kwa ukurasa, wakawakuta humo bibi na babu zao, majina na umri.